Hodi ya Tatu

Kitu cha mwanzo nilichokiona kwake ni soksi. Uso sikuuona. Nilikuwa nimekaa chini ukumbini nachagua mchele, na chini ya mlango wetu palikuwa na uwazi wa kupita panya. Jua la asubuhi liliingia hapo likajitandaza sakafuni kama kipande cha kitambaa, kisha kitambaa kile kikakatika katikati. Nikainama kutazama. Mtu alikuwa kasimama barazani. Alikuwa amevua viatu na kuviweka kando, vimeelekea njiani, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Soksi zake zilikuwa za kijivu. Ya kulia ilitoboka kwenye kidole gumba, ikashonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyezoeana na sindano.

Mimi ni mtoto wa fundi cherahani. Baba yangu, Shaame, alifariki mwanzo wa kaskazi, na cherahani yake ilikuwa bado imefunikwa shuka pale pale alipoiacha. Nilipouona ule uzi mwekundu vidole vilinicheza.

"Hodi," alisema yule mtu. Sauti ilikuwa ya bara, kila neno limekaa peke yake.

Mama alikuwa chumba cha ndani, amekaa eda. Alivaa nguo zake nyeupe zisizo na ua wala mstari, hatoki, haonekani na mwanamme asiye wake wa damu, na sauti yake alikuwa haitoi ikavuka ukuta. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ameweka kidole mdomoni. Nyumba haikuwa na mwanamme. Nilibaki mimi, na mimi mbele za watu sauti sina. Skuli mwalimu alikuwa akiniinua nisome, nasimama na kitabu mkononi mpaka kengele inalia. Darasa la tano nikabaki nyumbani, na sidhani kama kuna aliyeona kuwa nimekosekana.

"Hodi," alisema tena, chini zaidi.

Nikasikia mchele unaniponyoka vidoleni, punje moja moja, unarudi kwenye ungo.

"Hodi." Ile ya tatu ilikuwa kama anajiuliza mwenyewe. Akangoja. Nadhani alingoja muda wa mtu kumeza mate mara mbili, kisha kitambaa cha jua kikawa kizima tena, viatu vikavaliwa, na ikaingia ndani harufu ya rangi mbichi.

*

Bi Tabia, jirani yetu, alipitia uani kama kawaida yake, vitumbua vikiwa kwenye sahani na habari ikiwa mdomoni.

"Kazija, mmekuwa majini nyinyi? Nyumba yenu imepigwa mkasi."

"Mkasi gani?" Mama aliuliza kutoka chumbani.

"Njoo utazame. Aa, nsamehe, hutoki. Mwatum, nenda ukatazame wewe mwenye macho bila mdomo."

Nilifungua mlango kidogo. Ukutani, karibu na dirisha, palikuwa na mistari miwili myekundu imekatana kama mkasi uliofunguliwa. Nyumba ya Bi Tabia ilikuwa na duara. Ya pili yake duara, ya tatu duara. Mkasi ulikuwa kwetu, na kwenye lile gofu la pembeni ambalo wenyewe walishahamia shamba.

Mtaa mzima ulijua kwamba majumba ya maendeleo yanakuja. Michenzani walikuwa washaanza kuyainua, marefu kama gari moshi lililosimama, na kila wiki yalisogea upande wetu. Mtu akiamka asubuhi anakuambia kaota ngazi. Tulijua pia kwamba kijana wa Chuo Kikuu kaletwa kutoka Dar es Salaam kufanya mazoezi ya kazi. Alisomea ardhi na maji na namna watu wanavyokaa juu yake. Alipima mtaro unaotuama wakati wa masika, akapima visima, akatia alama nyumba. Jina lake Komba, na watoto walilifurahia jina lile kuliko Idi. Komba kwetu ni mnyama anayepanda minazi usiku kunywa tembo la watu. Akipita walimfuata: "Komba kaja mchana! Fungeni minazi!" Naye alikuwa akicheka pamoja nao, na siku moja aliutazama mnazi wa Bi Tabia juu mpaka chini, akasema, "Huu? Tembo la huu mnalitia maji." Watoto wakampenda siku ile.

Alama zile, lakini, hakuna aliyejua maana yake, mpaka alipokuja Mjomba Usi.

Mjomba Usi, ndugu wa mama tumbo moja, alikuwa tarishi kwenye ofisi ya ujenzi. Alivaa kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na alikuwa na sauti mbili, moja ya ofisini na moja ya nyumbani. Siku ile aliingia na ile ya ofisini ikiwa imemkwama kooni. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Duara maana yake mna watu," alisema. "Mwenye duara anangojewa, anapewa ufunguo wa fleti. Mkasi maana yake nyumba tupu. Mikasi inaanza kuvunjwa Jumatatu."

"Tupu?" Mama alisema. "Mie nimo humu. Nimo humu kuliko mtu yeyote mtaa huu."

"Yule kijana kapiga hodi hakujibiwa."

"Mwanamme wa watu, simjui, nami nimo edani, nimjibu nini? Tena alipiga tatu, akaondoka. Mwenye adabu zake."

Mjomba aliipapasa kofia. "Dada, twende Paje kwa mama. Nimemuuliza shekhe, kasema kwa dharura inajuzu kuhama."

"Kasema inajuzu. Hakusema lazima." Nilimsikia mama anajiweka sawa kitandani. "Shaame kafia chumba hiki, Usi. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Nimeanza nae humu, ntamaliza nae humu. Nikitoka, nitoke kwa kuoga na kuvaa udi, mlango wa mbele, mchana, si kwa kubebwa na vyungu kwenye gari ya ng'ombe kama mtu aliyefumaniwa."

"Nyumba itakuwa haipo, na fleti pia itakuwa haipo."

"Basi kawaambie ofisini kwamba tumo."

Mjomba alitazama mlangoni. Siku zile mtu hakwenda ofisini kusema kwamba ofisi imekosea. Waliosema hivyo tuliwataja kwa sauti ndogo, na wengine hatukuwataja kabisa. Isitoshe, maana ya zile alama ilikuwa siri ya kazi. Aliisikia akiwa amesimama na trei.

"Nlijaribu," alisema mwisho, kwa ile sauti ya nyumbani. "Leo asubuhi niliingia na chai, nkasimama mbele ya meza. Bwana Mkubwa akaniuliza, 'Nini?' Nkamwambia, 'Sukari inatosha?'"

Bi Tabia alitaka kucheka, akaona uso wa mjomba, akakitia kitumbua mdomoni badala yake.

"Asiseme mtu," mjomba alisema. "Wewe khasa, Tabia. Likijulikana limetoka kwangu, sina kazi. Apa."

Bi Tabia aliapa. Ilimtoka kwa taabu, kama mtu anayevuliwa bangili iliyombana. Mimi hakuna aliyeniapisha. Nani angefikiri?

*

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama nyumba ya ndani ya maji. Sauti za njiani zilitufikia zimelainika. Mama alisoma uradi wake, nami nilikaa mbele ya cherahani iliyofunikwa, nikaishona ile soksi. Kwa mawazo tu. Nilifumua uzi mwekundu, nikachukua wa kijivu kutoka kwenye kopo la baba, nikaziba tundu kwa mishono midogo ya kupishana, kama alivyonifundisha, mpaka kidole kikipita juu yake hakijui kwamba palikuwa na tundu. Kila nilipomaliza nilianza tena. Halafu nilimwambia mwenye soksi, "Humu tuna watu." Nilimwambia vizuri sana. Nilipofungua mdomo wa kweli ilitoka pumzi tu.

Ijumaa nilifua nguo za mama. Nguo za eda zinaanikwa uani, nyuma ya ua wa makuti, hazioneshwi njia. Hilo nalijua tangu mtoto. Nilizikamua, nikaziweka begani zikinichuruzikia maji mgongoni, nikafungua mlango wa mbele. Nilifunga ncha moja ya kamba kwenye msumari wa dirisha letu, ya pili kwenye nondo ya dirisha la Bi Tabia. Nikaanika zote, na shuka kubwa nikaishusha mbele ya ule mkasi mwekundu. Upepo uliijaza ikafura, ikashuka, ikafura tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Waliokuwa wakipita walisimama. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa ukaya na kunitazama kwa jicho moja. "Huyu mtoto hana mama?" alisema.

"Mwatum," mama aliita nilipoingia.

"Naam."

"Nguo zangu ziko wapi?"

Nilitazama dirishani. Aliuona mwanga mweupe uliokuwa ukitikisika dirishani, akaelewa, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijapata kukiona tena. Aliona haya, mama yangu, mbele yangu. Alijigeuza ukutani. Nilikaa sakafuni nikamshika unyayo, naye hakuuvuta.

*

Komba alikuja kupima maji kisimani, na kamba yake yenye mafundo na jiwe mwishoni. Nilimwona kwenye ufa wa dirisha. Aliiteremsha kamba, akaipandisha, kisha akageuka na kuona shuka. Akabaki na ile kamba mkononi, inamdondokea maji kwenye viatu.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba."

"Nguo hizi za nani?"

"Mie nimeapishwa, mwanangu. Sisemi kitu." Bi Tabia, aliyekuwa akikaanga barazani kwake, aligeuza kitumbua. "Lakini kuuliza sikukatazwa. Kwenu nguo nyeupe tupu, za mwanamke mzima, huvaliwa lini?"

"Kwetu Songea? Siku ya ubatizo. Au harusi."

"Hapa hapana harusi."

Alifikiri. Nilimwona anavyofikiri. Alikuwa na uso wa mtu mwema aliyelala kidogo.

"Kuna msiba?"

"Mwanamke akifiwa na mume kwetu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki. Mwanamme asiye wake hamuoni, na akiitwa na mgeni haitikii. Hiyo nakufundisha dini tu. Sijataja nyumba."

Kamba ilimponyoka. Alikaa kwenye baraza ya Bi Tabia, akashika kichwa.

"Bi Mwanapili aliniambia," alisema. "Mwenye nyumba ninapokaa, Kikwajuni. Aliniambia, piga hodi tatu, usipojibiwa ondoka, usisumbue watu. Nilifanya hivyo hivyo."

"Kakufundisha vizuri. Hakumaliza tu."

"Hakumaliza nini?"

"Ukishapiga tatu hukujibiwa, unakwenda kumuuliza jirani." Bi Tabia alimpa kitumbua, cha moto, mkononi. "Jirani ndo mie. Nilikuwa hapa hapa nnakutazama, nasema, kijana huyu mbona hanijali? Nkanuna. Kula."

Hakula. Alisimama, akaitazama shuka kwa muda mrefu. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuishika, akaurudisha. Kisha akaondoka bila kamba yake, na watoto walipomwimbia komba hakuwasikia.

*

Yaliyotokea ofisini aliyaleta Mjomba Usi jioni ile ile, akiwa na kofia kwenye kwapa.

Alikuwa ameingia na chai. Komba alikuwa amesimama mbele ya meza ya Bwana Mkubwa, mikono nyuma, na alikuwa anasema nyumba ya mkasi ina watu, amekosea yeye, apewe rangi akabadilishe alama.

"Mpango ushapelekwa," Bwana Mkubwa alimwambia. "Jumatatu watu wanakuja na sururu na lori. Wewe ni mwanafunzi. Umekuja kujifunza, hukuja kupanga mji."

"Waanze upande wa pili, kwenye mtaro. Kule wengi wameshahama. Upande huu wataufikia mwezi wa mwisho wa kazi."

"Kwa sababu ya mjane mmoja?"

"Kwa sababu nimekosea mimi."

"Mwalimu wako anakuja lini kukukagua?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Nimwambie mwanafunzi wake hajui kutofautisha nyumba yenye watu na gofu?"

"Mwambie," Komba alisema.

Hapo, mjomba alituambia, vikombe vilianza kulia kwenye trei. Hakujua kama ni mikono yake. Bwana Mkubwa akainua macho. "Nini tena, Usi?"

"Ni dada yangu," mjomba alisema.

"Nani?"

"Huyo mjane, Bwana Mkubwa. Ni dada yangu, tumbo moja."

Bwana Mkubwa aliweka kalamu chini. Kisha alimuuliza, "Umeingia humu na chai kila siku tangu wiki iliyopita. Hukusema?"

"Nilisema sukari."

Mjomba aliposema hayo mama alicheka kule ndani, mara ya kwanza tangu baba afe, akajiziba mdomo kwa shuka. Mjomba hakucheka. Kaki yake, ile iliyokuwa ikisimama yenyewe, ilikuwa imekunjika.

Wakaanza upande wa mtaro. Mjomba hakufukuzwa, lakini tangu siku ile Bwana Mkubwa alikuwa akimuuliza mbele ya wageni, "Usi, leo sukari inasemaje?" na ofisi nzima inacheka. Alivumilia mpaka alipostaafu. Na mwalimu wa Chuo Kikuu alipokuja, aliambiwa aliyoambiwa. Komba alitakiwa arudie mazoezi yote likizo inayofuata, mahali pengine.

*

Komba alikuja na kopo la rangi siku moja kabla ya kusafiri. Rangi ya mafuta haifutiki kwenye chokaa, kwa hiyo aliuzungushia ule mkasi duara. Nyumba yetu ikawa na alama ambayo haikuwapo kwenye nyumba nyingine yoyote.

Nilikuwa nimekaa pale pale, na mchele. Kitambaa cha jua kikakatika. Alivua viatu. Uzi mwekundu ulikuwa umekatika, kidole kimetoka chote, kimejikunja kwa haya juu ya saruji yetu.

"Hodi."

Mama aliniita kwa mnong'ono. "Mwatum. Mjibu. Mkaribishe akae barazani, umpe maji."

Niliinuka. Mchele ulimwagika, sikuuokota. Nilifika mlangoni nikashika komeo, chuma baridi, na upande wa pili nilisikia pumzi zake.

"Hodi," alisema.

Ulimi wangu ulikuwa mzito kama ule wakati wa kitabu. Niliona darasa zima limegeuka kunitazama, na mwalimu anangoja, na kengele hailii. Kupitia ubao nilihisi joto la jua lililompiga yeye mgongoni.

"Hodi," ya tatu, pole pole kabisa. Hakuwa na haraka. Alijua sasa kwamba tumo. Alingoja zaidi kuliko adabu inavyotaka, na mimi nilibaki na kinywa wazi, nyuma ya ubao wa mlango.

Kisha alivaa viatu akaenda kwa jirani, kama alivyofundishwa.

"Wapo, Bi Tabia?"

"Wapo, mwanangu. Wanakusikia."

"Basi wape salamu zangu."

"Zishafika."

*

Mama alimaliza eda yake chumbani mwa baba. Siku ya kutoka wanawake walimwogesha, wakamfukiza udi, wakamvisha kanga mpya, naye akatoka kwa mlango wa mbele, mchana. Alisimama njiani akafumba macho kwa mwanga. Upande wa mtaro palikuwa tayari ni uwanja mtupu, na ukiutazama uliona mpaka mbali, mahali ambapo hatukujua kwamba panaonekana. Wiki ile tulihamia fleti. Cherahani ilipandishwa ngazi na watu wanne, Bi Tabia nyuma yao akilalamika kwamba kuku wake hawajui ghorofa. Siku walipoivunja nyumba mama hakutazama. Mimi nilitazama. Ukuta wenye alama ulilala chali kwanza, duara na mkasi vikiwa vimeelekea mbinguni, kisha ukawa vumbi jekundu kidogo.

Sasa nashona hapa juu, cherahani ya baba ikiwa mbele ya mlango. Ni mlango mzuri, wa mbao nzito, lakini fundi aliukata mfupi, na asubuhi jua linaingia chini yake na kulala kwenye saruji. Miguu ya watu inapita kwenye ngazi na kukikata kitambaa kile: kandambili za watoto, makubadhi ya Mjomba Usi anapokuja kunywa chai bila sukari. Kwenye kopo la uzi nimeweka kibonge cha kijivu ambacho sikitumii; nimemwekea mwenye soksi, pamoja na jibu la hodi yake.

Karibu. Tumo ndani. Kaa, na uvue hiyo soksi nikushonee.